Shangazi wa Meza ya Funguo

Kwa miaka thelathini na minne Shangazi ameketi kwenye meza ya funguo ya uwanja wetu mdogo wa ndege, na tarehe thelathini mwezi huu anastaafu. Mimi, mjaza mafuta, nimepewa kazi ya kuandika na kusoma maneno haya ya kumuaga kwa sababu, tusifichane, hapa hakuna anayenizidi maneno. Shule niliiacha njiani, lakini nimejaza ndege za watu wa kila taifa na nimetukanwa kwa lugha sita.

Alianza kama mpiga chapa, ofisi ikiwa chumba kimoja chenye feni iliyolia kama mbuzi. Ndege za watu binafsi zililala bandani, funguo zikining'inia kwenye misumari nyuma ya kichwa chake. Marubani wa Jumapili, wenye ndege ya injini moja na haraka ya injini kumi, walizichukua jioni kama mtu anayechukua mwavuli.

Ndipo akaleta kiti. Rubani asiye na cheti cha kuruka usiku akiomba ufunguo jua likielekea kuzama, Shangazi hakubishana naye. Alimkalisha kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, akamfunga macho kwa mtandio, akakizungusha taratibu, kisha akamtaka aonyeshe mlango. Watu wazima, wenye vitambi na vyeo, walionyesha kabati. Mwanasheria mmoja alionyesha dari. Mimi nilijigamba kwamba kichwa changu ni dira, nikakaa, nikaapa kiti kimesimama, kumbe bado kinazunguka. Wenzangu walicheka hadi chai ikawatoka puani. Basi giza ndivyo lilivyo, alitufundisha: bila taa chini wala mwezi juu, mwili unakwambia umenyooka, kumbe bawa limelala upande. Ukweli uko kwenye vipimo vilivyo mbele ya rubani, na kuviamini kunataka mafunzo.

Siku moja alilazwa kwa homa, funguo nikaachiwa mimi. Daktari wa meno mmoja, rubani wa Jumapili asiye na cheti cha usiku, akaja saa za magharibi, akaniita kaka mkubwa, akanisifu weee, akasema ni dakika ishirini tu afike kwa mkewe. Sifa ni ugonjwa wangu. Nikampa ufunguo. Kule vilimani hakukuwa na taa hata moja. Ndege ilizunguka huku ikishuka, mwenyewe akiamini anakwenda moja kwa moja, hadi ikaangukia shamba la mahindi. Alitolewa akiwa na nyonga iliyovunjika na uhai ambao hatukuutegemea. Leo yuko hapa mstari wa mbele na mkongojo wake. Mwenye jino bovu afunge mdomo.

Shangazi aliporudi hakunisema. Afadhali angenitukana. Alinituma tu kila Ijumaa, miezi minne, nikamtazame mgonjwa na kumsomea magazeti.

Mwezi uliopita meneja alimuuliza meza aachiwe nani. Tunao makarani wawili wenye stashahada. Akanitaja mimi. Meneja akamkumbusha ile siku, naye akamjibu kwamba hao wawili hawajawahi kukesha wakingoja habari za ndege waliyoiruhusu wenyewe, huyu amewahi.

Hapo sina mzaha wa kuongeza.

Shangazi, asante kwa kila rubani aliyefika nyumbani kwake asubuhi, amenuna lakini mzima. Kapumzike, wajukuu wakuchoshe, na maisha yako mapya yawe mema na marefu. Juzi jioni alikuja tajiri mmoja na haraka zake, akitaka ufunguo. Ufunguo ulibaki msumarini, tukamtandikia shuka kwenye benchi la ofisi. Anasema mgongo unamuuma.