Gauni Lenye Akiba: Maisha ya Scola Samweli Mughwai, 1981–2024

Ndugu waombolezaji, familia ya marehemu mzee Samweli Mughwai imenituma mimi Kristina, dada mkubwa wa Scola, niwasomee habari zake. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi ameniomba nisome kwa upole. Nitajitahidi.

Scola alizaliwa Unyambwa tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa nne na wa mwisho, akabatizwa mwaka huohuo. Alizaliwa mnene, na bibi yetu akamshukuru Mungu, maana siku hizo unene wa mtoto ulikuwa habari njema na hapakuwa na mtu wa kuutafutia dawa.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Unyambwa, 1989 hadi 1995, kisha akajifunza ushonaji mjini kwa miaka miwili. Mwaka 2001 alifungua kibanda Mandewa, chenye cherehani moja na kiti kimoja cha mteja. Magauni yake yalijulikana kwa akiba: ndani ya kila mshono wa ubavuni aliacha inchi mbili za kitambaa. Wateja wakilalamika kwamba anawamalizia kitambaa, aliwajibu kuwa mwili wa mwanamke una misimu, na nguo nzuri ni ile inayomsubiri. Wengi wenu mmevaa magauni hayo hapa leo.

Tarehe 18 Septemba 2004 alifunga ndoa na Elisha Damiani wa Mwankoko, wakajaliwa Peniel na Catherine. Elisha hakuwahi kuulalamikia mwili wa mkewe. Waliolalamika ni watu wasiomlisha wala kumvika. Mwaka 2022, kwenye sherehe ya kumfunda bibi harusi wa ukoo wetu, mshereheshaji alimwambia kwa kipaza sauti apande jukwaani taratibu, mbao zina roho. Mlicheka. Scola naye alicheka, na wiki ileile akaanza kutafuta dawa.

Hakuitafuta mbali. Gaspari alikuwa akiuza makava ya simu stendi. Alilala muuza makava, akaamka daktari wa homoni. Wakati huo hedhi ya Scola ilikuwa imevurugika na tumbo linajaa, na hospitali ilikuwa imempangia siku ya kupigwa picha ya tumbo. Gaspari akamwambia mashine zitamvuruga zaidi. Akampa kopo la unga wa mlonge, mdalasini na tangawizi, wa kusawazisha homoni, kusafisha kizazi na kuyeyusha kitambi, yote hayo kwa siku ishirini na moja. Mlonge hauna kosa, tumeula tangu utotoni, na haukuwahi kumkataza mtu kwenda hospitali.

Scola akapungua, nanyi mkampongeza hadi kanisani. Gaspari akampiga picha, akairusha kwenye kundi lake la WhatsApp, kabla na baada, na kina mama wakampigia makofi bila hata mmoja kumwuliza Scola anajisikiaje. Lakini fundi ni fundi. Kila Jumamosi alijipima kwa futi na kuandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Siku moja ya Aprili 2023 aliniita kibandani, akanifungulia ukurasa wake.

"Dada, mkono umepungua inchi tatu, paja nne. Tumbo limeongezeka mbili. Mimi nimepima watu miaka ishirini, sijaona mwili unaopungua hivi."

Nikamwambia avumilie, ni sumu zinatoka. Mimi, mwalimu wa sayansi, nilisema hivyo kwa sababu kopo kama lile lilikuwa kabatini kwangu. Kwa hiyo dharau ninayoigawa leo, fungu la kwanza nimejiwekea mwenyewe.

Hospitali alirudi Novemba, baada ya kuanguka kibandani. Picha ileile aliyokatazwa ilionyesha uvimbe kwenye ovari, na ulikuwa umeshasambaa. Madaktari wa Dodoma walimfanyia upasuaji na yote waliyoweza, wakasema wangalipenda kumwona mwaka mmoja kabla. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, Elisha akiwa amemshika mkono.

Gaspari amekuja. Amekaa turubai la pili, amevaa suti. Jana alituomba kwenye jalada la ratiba hii tuweke ile picha yake ya "baada", eti marehemu alipendeza sana. Na juzi mmoja wenu, ambaye jina lake silitaji kwa heshima ya sufuria alizotuazima, alimvuta Catherine jikoni akampa kopo, asije akarithi mwili wa mama yake. Catherine ana miaka kumi na sita, na mama yake alikuwa bado hajazikwa.

Scola ameacha mume, watoto wawili, mama yetu Anastasia, dada wawili nikiwamo mimi, na kaka mmoja. Ameacha pia daftari la vipimo, ambalo Catherine hajaliachia tangu Jumanne.

Picha mnayoiona kwenye jalada ameichagua Catherine. Nilimwekea picha mbili mezani, hii ya zamani na ile ya "baada", akaisukuma kando ile ya Gaspari, pamoja na lile kopo.

"Mama mkubwa, weka hii ya mama akiwa mnene. Hapa alikuwa mzima."

Apumzike kwa amani inayomtosha, na asipimwe tena na mtu.