Wasifu wa Antipasi Mughwai, Aliyesimamisha Lori Mlima Sekenke

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemzika leo hapa Mwankoko, tarehe 11 Julai 1977, alizaliwa hapa hapa tarehe 11 Aprili 1932, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Mughwai na mama yetu Selina. Mimi ninayesoma ni Redempta, mdogo wake.

Shule alianza kwa mapadri mwaka 1941, akaishia darasa la nne, kwa sababu ng'ombe wa baba hawakuwa na mchungaji mwingine. Hakulalamika. Kulalamika hakukuwa kazi yake. Hiyo aliniachia mimi.

Mwaka 1950 aliingia gereji ya Bwana Kanti mjini Singida, akakaa miaka kumi na tisa. Huko alifundishwa kwamba gari likisikika kugonga huko chini yake, usikimbilie spana. Mtu apande bampa alitikise, na fundi alale uvunguni apapase chuma kimoja kimoja, springi, bushi, shokamzoba, mpaka kile kilicholegea kimgonge kiganjani. "Antipasi, sikio linadanganya," Kanti alikuwa akimwambia. "Weka mkono."

Tarehe 23 Agosti 1958 alifunga ndoa na Felista. Gari la maharusi lilianza kugonga njiani, naye akashuka, akaingia uvunguni na suti ya kuazima. Alikula kiapo akiwa na grisi shingoni, na picha ya siku ile wifi yangu hataki kuiona mpaka leo.

Mwaka 1969 alihamia Shelui, yanakosimama malori. Vijiji vya Ujamaa vilipoanza, alikabidhiwa Bedfodi, lori la kijiji, awe dereva na fundi. Spea hazikupatikana. Jani la springi ya mbele lilipovunjika alilifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, kama tunavyofunga mipini, kwa maana ngozi ikikauka hubana kuliko waya.

Tarehe 19 Machi 1975 nilishikwa na uchungu huko Shelui tangu alfajiri, na mtoto hakuja. Mume wangu Gaspari na kaka walinipakia kwenye lori hilo kwenda hospitali ya Kiomboi. Mto ulikuwa umejaa. Tulivuka maji yakiwa juu ya ekseli, na ngozi ikalowa ikalegea. Kufunga kwa ngozi lilikuwa kosa lake na alilijua. Tulipoanza kupanda Sekenke, mbele chini kukagonga, ngo! Kisha ngo-ngo kwenye kila shimo, na usukani ukawa unavuta upande wa korongo, na kona kali ilikuwa mbele yetu. Akasimamisha lori.

"Endesha!" Gaspari alipiga kelele. "Mke wangu anakufa!"

"Shemeji, shuka. Panda bampa utikise."

"Umefunga gari kwa ngozi kama mpini wa jembe, halafu mimi ndiyo nitikise?"

"Tikisa, shemeji. Nakuomba."

Nami nilimtukana kaka kwa Kinyaturu, matusi ambayo Padri hataniruhusu niyasome hapa. Gaspari alitikisa huku analia. Ya uvunguni nayasema kama kaka alivyonisimulia. Mkono wake ulifika kwenye boliti zinazokaza springi kwenye ekseli, akakuta nati mbili hazipo na ya tatu inazunguka kwa vidole. Aliikata ile ngozi, akakaza zilizobaki, akauzungusha mnyororo wa kuvutia lori kwenye springi na ekseli, akaubana kwa kabari ya mti. Kazi hiyo si ya dakika moja. Mimi nilikuwa nimelala juu nikisikia nyundo, nikiamini nitafia pale.

Tulifika Kiomboi jioni. Theresia alizaliwa hai. Pacha wake wa kiume, ambaye hatukujua kama yupo, alitoka amekufa. Mkunga hakusema alikufa saa ngapi, na mimi sitajifanya najua. Gaspari alisema mtoto wake alifia Sekenke, na tangu siku hiyo hakupokea tena mkono wa kaka yangu. Nilimuuliza kaka kwa nini hajitetei. Akasema, "Aliyefiwa ni yeye. Mwache."

Novemba 1976 kaka alianza kuugua ini, tumbo likajaa maji. Alilazwa Singida mara tatu. Mlango ukifunguliwa aligeuza uso haraka kuona nani anaingia, na nilijua anayemtafuta ni Gaspari, si mimi. Iliniuma sana. Alifariki alasiri ya tarehe 9 Julai, Felista akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili, Alute na Marietha, mimi mdogo wake, mpwa wake Theresia, na shemeji yake Gaspari, ambaye amekuja mazishini lakini amesema hatatia udongo.

Baba Theresia, watu wanasema kaka yangu alimuua mtoto wako, na wewe unawaacha waseme. Mimi nilikuwa nimelala, sikuziona zile boliti. Wewe ulitikisa lori, na kaka aliniambia uliinama ukaziona. Nyumbani nimekuuliza, ukatoka nje. Sasa nakuuliza mbele ya jeneza lake: tungeendelea vile, tungeipita ile kona? Kama tungepita, baki hapo uliposimama. Kama tusingepita, njoo uwe wa kwanza kutia udongo.

Kaka, Mungu akupe raha ya milele. Nimemwomba Padri asianze maziko mpaka Gaspari ajibu.