Koti la Balthazar

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Marcelline, shangazi wa marehemu, na kaka yangu Balthazar ameniomba nisome maneno haya kwa sababu yeye mwenyewe hawezi.

Armel Ndayikeza alizaliwa Bujumbura tarehe 14 Machi 2003, mtoto pekee wa Balthazar na marehemu Goreth, akaletwa Johannesburg mwaka 2009, akasoma hapa Yeoville hadi Agosti 2021, alipofukuzwa shule kwa kuvunja madirisha ya darasa. Wapo walionitaka niandike kwamba alikuwa mpole. Hakuwa mpole, alikuwa na hasira tangu udogo, na tulipomsemesha Kiswahili nyumbani alitujibu Kizulu makusudi.

Mwaka 2019 mwalimu wake aliwaonyesha wanafunzi filamu ya zamani ya Uingereza, ya vijana wa mitaa ya kimaskini wanaogombana na kila mtu, akarudi akisema kumbe hata Wazungu wanayachukia maisha yao, na tangu siku hiyo akataka kutengeneza ya kwake. Alianza kazi ya kinyozi mwaka 2022, na Mei 2024 akaanza kuipiga filamu hiyo kwa simu, pamoja na rafiki zake hawa waliosimama nyuma, ambao nawaomba wasogee mbele.

Tarehe 9 Juni 2024 koti la kazi la Balthazar, ambaye ni mlinzi kule Marshalltown, lilipotea. Alimshutumu Armel kwamba ameliuza, Armel hakujitetea, akafukuzwa nyumbani, na hawakuzungumza tena. Hakuoa, wala hakuacha mtoto. Kifua kikuu alitufichia sote, akalazwa tarehe 28 Aprili 2025, akafariki Ijumaa tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi, baba yake akiwa bado njiani.

Jumanne hii rafiki yake Chris alituletea filamu hiyo, pamoja na koti lile lililopotea. Armel ameigiza baba, amelivaa koti hilo, na anazungumza Kiswahili kilekile cha kaka yangu. Vijana wanatukana, wanachoma matairi, na kila baba huyo anaporudi kutoka kazini, kabla hajavua viatu, anauliza kama mtoto amekula. Balthazar ameitazama mara tatu, na ameagiza Armel azikwe na koti hilo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi msibani, na vinyozi wenzake waliofunga kazi leo.

Pumzika kwa amani, Armel, baba yako anauliza kama umekula.