Mama Fumua Anaondoka kwa Tarehe Yake

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, muunganishaji mkuu wa karakana yetu ya mablanketi anastaafu. Jina lake kamili limeandikwa kwa wino wa dhahabu kwenye cheti atakachokabidhiwa na meneja, na wengi wetu tutalisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Hapa kazini anaitwa Mama Fumua. Kisa cha jina hilo si kirefu: ukimpelekea kazi mbovu, hakugombezi, hakuulizi umelala saa ngapi. Anakutazama juu ya miwani, anakurudishia, anasema fumua.

Wasifu huu nimepewa niuandike mimi, mtunza stoo. Kwa maelezo ya meneja, hakuna mtu mwingine humu ndani aliyebishana na mstaafu wetu kwa muda mrefu kama mimi, kwa hiyo hakuna anayemjua zaidi. Hapo sina la kupinga.

Wageni watakaohudhuria sherehe wangependa kujua kazi yenyewe ni ipi. Wafumaji wetu wanakaa chumba cha mbele, chenye madirisha makubwa, na kila mmoja anafuma kwa kulabu vipande vya mraba, ukubwa wa sahani ya chakula. Sasa kila mfumaji ana mkono wake. Yupo anayekaza uzi hadi kipande kinasimama chenyewe kama kadibodi, na yupo anayelegeza hadi kinalala kama kimekanyagwa na gari. Vyote hivyo vinamwagwa kwenye meza ndefu ya chumba cha nyuma, na muunganishaji ndiye wa kuvipatanisha. Anavipanga pembe kwa pembe, kilichokaza karibu na kilicholegea ili vivumiliane, halafu anapitisha kulabu kwenye vitanzi vya kipande hiki na vya kile, anavuta uzi, anakwenda hivyo hivyo mpaka blanketi linakuwa kitu kimoja. Mtu akijivutia blanketi usingizini, mshono wa kuunganisha ndio unaobeba vurugu yote. Wafumaji wanasifiwa kwa rangi. Muunganishaji anakumbukwa siku blanketi likiachia.

Katika miaka yake thelathini na mmoja halijaachia hata moja. Nimetafuta, kwa sababu ningependa sana kuliona, na sijalipata.

Alianza kazi akiwa mfumaji wa kawaida chumba cha mbele, akahamishiwa nyuma baada ya miezi michache kwa sababu alikuwa anafumua kazi za majirani zake wakienda kunywa chai. Msimamizi wa wakati huo aliona ni heri ugomvi huo upewe cheo. Huko nyuma ndiko tulikofahamiana. Alidai kila kipande kiachiwe mkia mrefu wa uzi kwa ajili ya kuunganishia. Mimi niliona ni uharibifu, nikaagiza mikia ikatwe mifupi. Alikuja dirishani kwangu na kapu zima la vipande vyenye mikia mifupi, akaliweka juu ya kaunta, akarudi kwenye meza yake, akakaa mikono mapajani. Karakana nzima ilisimama kumsubiri. Kufikia mchana mikia ilikuwa mirefu tena, na imekuwa mirefu hadi leo.

Uzi nao ulikuwa na kesi zake. Kwangu uzi mweupe ni uzi mweupe. Kwake kuna mweupe wa maziwa, mweupe wa chokaa na mweupe wa meno ya mtu mzima, na ole wako umpe wa chokaa wakati kaanza na wa maziwa. Amenirudishia mabonge mengi kiasi kwamba nilimtengea rafu yake, nikaibandika kibao: Vya Mama. Alikiona, akaomba rafu iongezwe.

Kitu kimoja hakukiweza, nacho ni kufundisha. Niseme ukweli hata kama ni siku ya sifa. Alikuwa anamkalisha mwanafunzi ubavuni kwake, mikono inaruka kama anakatakata mboga, mwanafunzi anachungulia juu ya bega lake asione kitu, halafu anaambiwa fumua. Mmoja alitoka kwenda kula mchana akauacha mwavuli wake nyuma, wala hakuufuata. Mwavuli huo nautumia mimi. Meneja alipomuuliza atamwachia nani kazi, alijibu kwamba yeye bado yupo, swali hilo aulizwe siku hayupo.

Siku hiyo ilikaribia kufika miaka tisa iliyopita. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, blanketi la nyumba ya wazee liko nusu mezani, kulabu ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Twiga, mfumaji wetu mrefu kuliko wote, alikuwa ameingia kuleta vipande, naye ndiye aliyeona kwamba mdomo wa Mama umeanguka upande mmoja. Dereva alimkimbiza hospitali kwa gari la mizigo. Kilikuwa kiharusi.

Tulimtembelea kwa zamu. Twiga, katika kutafuta cha kumchangamsha, alimpelekea kipande alichofuma mwenyewe kwa rangi anazozipenda mgonjwa. Mama alikigeuza kwa mkono wa kushoto, akakitazama nyuma, na kwa ulimi ambao bado ulikuwa mzito akamwambia afumue. Twiga alirudi kazini analia na kucheka, nasi tukajua mgonjwa yupo. Ulimi ulirudi wote, na mguu ukarudi na mkongojo, kisha bila mkongojo. Mkono wa kulia haukurudi.

Meneja wetu ni mtu wa huruma, na kwa huruma hiyo alimwandalia karatasi ya kustaafu kwa sababu za afya. Kama hataki, kulikuwa na kiti cha mapokezi, apokee simu. Mama Fumua alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia kwamba ataondoka hapa siku umri wake utakapofika, wala si siku ugonjwa unapotaka, na simu apewe mtu anayependa kuongea. Wakakubaliana miezi mitatu. Ndani ya muda huo aunganishe blanketi moja zima kwa mkono alionao, nalo lipite ukaguzi kama yote: litandazwe, livutwe na watu wanne kwenye pembe, lifuliwe, livutwe tena. Likishindwa, atatia sahihi yeye mwenyewe.

Mume wake, fundi redio, ndiye shahidi wa kilichofuata nyumbani. Anasema mkewe alijikaza kisabuni. Mkono wa kushoto ulikuwa haujawahi kushika hata kijiko, na sasa unatakiwa uingize kulabu kwenye kitanzi kisichozidi punje ya mahindi. Kulabu ilirushwa ukutani mara kadhaa, moja ikaingia ndani ya redio ya mteja. Mzee hakusema kitu. Alichonga mpini mnene wa mti, akauvisha kwenye kulabu ili kiganja kipate cha kushika, akauweka karibu na kikombe chake cha chai, akaendelea na redio zake. Shemeji, kama unasoma hapa, karakana nzima inakushukuru kwa mpini ule na kwa kunyamaza kwako.

Alirudi kazini na mfuko wa vibanio vya nguo. Vipande viwili alivibana kwenye ukingo wa meza, mkono wa kulia akaulaza juu yake kama jiwe la kuzuia karatasi, wa kushoto ukafanya kazi. Mkono ule uliolala aliuita mgeni. Tukimuuliza anaendeleaje, alikuwa anasema yeye hajambo, mgeni ndiye hataki kusaidia kazi za nyumbani. Blanketi alilochukua ni lile lile la nyumba ya wazee aliloliacha nusu. Nilikuwa nimelifungia stoo na sikumruhusu mtu aliguse, na kwa hilo alinipa asante yangu ya kwanza katika miaka ishirini na kitu.

Alikwenda polepole. Vitanzi alivyokuwa akivimaliza kabla ya chai ya asubuhi sasa vilimla siku nzima, na chumba cha mbele tuliacha kuimba ili tusikilize kibanio kikifunguliwa na kufungwa, kwa sababu ndiyo ilikuwa ishara kwamba amesogea. Mwezi wa tatu ulipokuwa unaelekea ukingoni akatangaza amemaliza. Tukalitandaza.

Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna mmoja wetu aliyelifikiria, pamoja na uzoefu wetu wote. Mwenye mkono wa kulia anaunganisha kutoka kulia kwenda kushoto, na vitanzi vyake vinalala upande mmoja. Mwenye kushoto anatokea upande wa pili, na vyake vinalala kinyume. Nusu ya kwanza ya blanketi, kazi ya mkono wa zamani, ililala huku. Nusu ya pili ililala kule. Zilipokutana katikati zilivutana, na blanketi zima likapinda kama shati lililokosewa vifungo.

Lakini lilishika. Watu wanne walilivuta halikutoa hata sauti. Meneja alitangaza limepita hata kabla ya kufuliwa, tukapiga makofi, wengine machozi yanawatoka. Alisema blanketi hili halitauzwa, litatundikwa ofisini kwake, nusu kabla na nusu baada, liwe kumbukumbu. Tuliona ni wazo zuri sana. Mimi nilikwenda kutafuta misumari.

Niliporudi nayo, Mama Fumua alikuwa ameomba mkasi. Kila mtu alijua nusu gani inaondoka, ile changa iliyoyumbayumba mwanzoni. Yeye akaligeuza blanketi na kuanza kufumua nusu ya mkono wa kulia.

Nieleweke vizuri. Ile ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya mkono ule. Ilikuwa imenyooka kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka kwenye meza hii. Twiga alimshika bega akamwambia Mama, usifanye hivyo, hutairudia tena kazi hii. Mama alimjibu bila kuinua kichwa kwamba blanketi haliwezi kulala pande mbili, na mkono wa kuliunganisha upya ni huo mmoja uliobaki. Kuna mzee analisubiri, akasema, naye hataki historia ya mtu, anataka joto. Akakata, akavuta, uzi ukajaa sakafuni. Ni yeye peke yake ambaye hakulia.

Miezi mitatu ilibakiwa na siku chache, lakini mkono wa kushoto sasa ulikuwa umeshika kasi. Alikuja kabla ya mlinzi kufungua geti na alikula amesimama. Hatukumsaidia, kwa sababu aliyejaribu alikiona. Siku ya mwisho blanketi lilitandazwa tena, limelala upande mmoja kutoka pembe hadi pembe, upande wa kushoto. Likavutwa, likafuliwa, likavutwa tena. Meneja akaichana ile karatasi ya kustaafu mbele yetu, naye Mama akamwomba vipande viwili vya karatasi hiyo akavikunja kuzuia mguu wa meza uliokuwa unacheza.

Sasa sikia neema isiyopangwa. Twiga alipangiwa kumsaidia kubeba, na kwa kuwa ubavuni pa Mama palijaa vibanio, akavuta kiti akakaa ng'ambo ya meza, uso kwa uso. Siku moja akachukua kulabu na kumwiga. Mkono wa kushoto wa mwalimu ulikuwa upande ule ule wa mkono wa kulia wa mwanafunzi, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Ukienda, naye aende. Ukigeuka, naye ageuke. Kazi iliyokuwa imewashinda wote waliokaa begani kwake, Twiga aliifahamu kabla mwezi haujaisha. Baada yake wakaja wengine watatu, wote wamekaa ng'ambo, wote wamefuzu. Mwanamke aliyekuwa anafukuza wanafunzi wakasahau miavuli, leo anaacha meza yenye waunganishaji wanne. Bado anawaambia wafumue. Tofauti ni kwamba siku hizi wanaona kwa nini.

Zawadi yetu kwake ni blanketi. Kila mfanyakazi amefuma kipande, mlinzi na meneja wakiwemo, na cha meneja kinajulikana kwa mbali. Limeunganishwa na Twiga. Mama akikuta kosa, aelewe kwamba kuanzia Jumatatu hatupokei marejesho yake dirishani.

Tunamshukuru kwa subira ambayo hakuwa nayo na kwa ukaidi aliokuwa nao tele. Tunaishukuru familia yake iliyotuazima mtu huyu kila asubuhi. Na wewe mwenyewe, dada yetu, tunakutakia siku ndefu zenye afya, chai inayonywewa ikiwa moto, na mzee wako wa redio pembeni. Miaka tisa iliyopita ugonjwa ulikuja kukuchukua kazini, ukaambiwa usubiri. Ijumaa saa kumi jioni utavaa koti lako kwa mkono mmoja, kama unavyolivaa kila siku, utafunga mlango wa chumba cha nyuma na kutoka getini kwa miguu yako, siku ile ile uliyosema utaondoka.