Felisita Uwimana na Utepe wa Kituo cha Gatare

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, majirani wa Gatare, nanyi mliotoka Rusumo na Nyamahanga mkapita kwenye tope hili, poleni. Familia imekaa, ikakubaliana kwamba historia hii isomwe kama marehemu alivyoishi, bila kupakwa sukari, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na subira na watu wanaomsifu maiti kwa yale waliyomnyima akiwa hai, na kama yupo atakayeona inamgusa, basi avumilie, haitachukua muda mrefu.

Marehemu Felisita Uwimana alizaliwa tarehe 7 Machi 1962 hapa hapa kitongoji cha Gatare, kata ya Murukulazo, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Leonidasi Nshimiyimana, aliyevuka Mto Kagera kutoka Rwanda mwaka mmoja kabla, na jembe moja na sufuria isiyo na mfuniko. Aliingia darasa la kwanza mwaka 1970, akamaliza la saba mwaka 1976, akafaulu vizuri, ila nafasi ya sekondari hakuipata, na tangu hapo kila mwenye cheti aliyeongea upuuzi mbele yake alitazamwa kwa lile jicho ambalo wengi wenu mnalijua.

Mwaka 1981 alianza kuwauzia chakula madereva wa malori pale Rusumo, na huko ndiko alikokutana na Bwana Gervas Mayunga, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wa baba yake kutoka Shinyanga, wakafunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984, upande wa bwana harusi ukilalamika kwamba kijana wao ameoa mdomo. Mungu aliwajalia watoto wanne, Diana, Tomasi, Scholastika na Ineza, ambaye alitangulia mwaka 1993 akiwa na miaka minne, kwa homa, siku ambayo hapakuwa na chochote cha kumbebea zaidi ya mgongo wa mama yake.

Wakimbizi walipoingia mwaka 1994 aliajiriwa kambini kuwa mkalimani, na shirika la misaada lilipofunga virago mwishoni mwa 1996 likaacha ghala la mabati hapa kitongojini, ambalo wanaume walikuwa wameshaanza kugawana bati kwa macho, yeye akaenda akakaa mlangoni siku tatu na mto wake wa kulalia, mpaka wakachoka. Hivyo ndivyo Kituo cha Gatare kilivyozaliwa, hakuna ramani wala hotuba. Humo akina mama watu wazima walijifunza kusoma, wajane waliandikiwa barua za mashamba yao, wagonjwa wasiojua Kiswahili walipata mtu wa kufuatana nao hospitali, na humo ilikaa machela, ambayo sisi wenye asili ya ng'ambo ya Kagera tunaiita ingobyi, na kila kaya ilikuwa na zamu ya kubeba, asiyebeba habebwi. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari nje ya jiko la marehemu miaka ishirini na saba, na yeyote aliuchukua saa yoyote bila kubisha hodi. Alizoea kusema kwamba Ineza, aliyekosa cha kubebewa, ndiye aliyeupigilia msumari ule.

Mwaka 2024 kituo kikapata mfadhili, na pesa ziliponukia tu, ikazaliwa kamati. Mwenyekiti wake ni Bwana Kazimili, yupo pale mbele amevaa suti. Kamati iliweka vigae, ikapaka rangi, ikabadilisha kufuli, na tarehe 2 Septemba ikafunga utepe mwekundu mlangoni kumsubiri mgeni rasmi aje aukate, ikatangaza kwamba kabla ya hapo hakuna mguu utakaoingia. Mgeni rasmi hakuja Septemba, hakuja Krismasi, na miezi yote hiyo darasa lilisomea barazani pa kanisa, utepe ukifutwa vumbi kila Jumamosi, naam, kwa kitambaa chenye maji. Marehemu alipouliza machela itatokaje, alijibiwa kwamba mambo yana utaratibu wake. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini wa nyumbani tuliona kwamba usiku ule hakula.

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa mbili asubuhi, alipatwa na kiharusi akipepeta maharage. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, gari haliingii, basi akabebwa juu ya mkeka mpaka uwanja wa kituo, akalazwa mbele ya mlango ili machela itolewe. Bwana Kazimili alifika na ufunguo mfukoni, akapanda kilimani kutafuta mtandao ili apige simu kuomba ruhusa ya kufungua. Wanaume wazima thelathini, wakulima, wachunga ng'ombe, wakasimama wakiutazama utepe wa dukani kama chui amelala pale. Na familia haitajificha nyuma ya majirani, mwanawe wa kiume alikuwa miongoni mwao, mikono nyuma. Marehemu, mdomo umeshapinda, alimtafuta kwa macho akamwambia, “Tomasi, hata wewe unaogopa kitambaa?”

Tomasi hakusogea. Aliyekata ni Mama Habonimana, mjane wa miaka sabini na moja, kwa mundu wa kukatia majani ya mbuzi, na ndipo Kazimili akateremka na ufunguo, ikiwa saa nne na ushee. Walimbeba mbio mpaka lami. Madaktari walipigana kadiri ya uwezo wao, wakasema bila kuficha kwamba amechelewa, akafariki Alhamisi tarehe 13 Machi, saa kumi jioni, na alipoletwa nyumbani juu ya machela ile ile, tulikuta kamati imeushona utepe na kuufunga tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliobeba kwenda na kurudi, wanafunzi wake wa barazani, na Mama Habonimana kwa mundu wake. Kamati ilituma ombi itajwe katika shukrani, na sasa imetajwa.

Mimi ninayewasomea ni huyo Tomasi. Leo alfajiri nimeufungua utepe, nimeng'oa kufuli, na utepe nimeufunga kwenye msalaba mtakaousimika sasa hivi, kwa hiyo mgeni rasmi akifika, mwelekezeni makaburini, akaukatie huko. Mama, mlango uko wazi. Pumzika kwa amani.