Nje ya Kivuli cha Mkongo: Maisha ya Mzee Mahamudu Abbasi Ngwele

Mzee Mahamudu Abbasi Ngwele, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa Mbuchi, katika delta ya Rufiji, tarehe 9 Machi 1961. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Abbasi Ngwele na Bi Zawadi, wakulima wa mpunga. Mafuriko yalipozidi, familia ilihamia Mtunda, naye akiwa bado mdogo.

Alisoma shule ya msingi Mtunda na sekondari Dar es Salaam, kisha akaingia chuo cha misitu Olmotonyi, Arusha, alikohitimu mwaka 1984. Baridi ya kule hakuizoea. Aliwasimulia wanawe kwamba darasani alikuwa akijifunga shuka juu ya suruali, na mwalimu akachoka kumkemea.

Alianza kazi Mloka, akahamishiwa Kibiti, na huko alikuwa afisa misitu hadi alipostaafu Machi 2021.

Tarehe 12 Agosti 1989 alimuoa Bi Rukaiya Mustapha wa Mtunda. Siku ya posa alifika na mche wa mkongo ndani ya kopo. Mama mkwe wake, Bi Mwanajuma, aliutazama, akauliza, "Mwanangu, huu tuupike au tuuvae?" Uani hapakuwa na nafasi, wakaupanda pembeni mwa makaburi ya ukoo. Bi Rukaiya alifariki mwaka 2009, akazikwa chini yake kama alivyotaka. Marehemu hakuoa tena. Kila Ijumaa alifagia pale, na aliwausia wanawe wamlaze ubavuni mwa mama yao.

Mwaka 2018 zilijengwa fremu za maduka kando ya barabara hapa Mtunda. Kibali kilimtaka mjenzi auache mkwaju mkubwa uliokuwepo, naye akauacha, ila msingi wake ulikata mizizi ya upande mmoja. Marehemu alikwenda kukagua, akakuta shina halina jeraha, akatia saini. Masharti yalitaja shina tu. Katika mvua za Aprili 2019 mkwaju uliiangukia nyumba ya Huseni, jirani wa fremu zile, ukamuua mwanawe Shaban, aliyekuwa na miaka sita. Marehemu alikaa kwenye msiba ule mpaka matanga yakaisha. Nyumbani hakusikika tena akicheka kwa sauti.

Ndipo alipopeleka pendekezo la sheria ndogo kwenye mkutano wa kijiji: pasichimbwe chochote, msingi, choo wala kisima, ndani ya kivuli kinachotupwa na mti mkubwa saa sita mchana. Nyumba mpya zilikuwa zimeshafika hadi makaburini, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kheri, ambaye walikuwa wakitaniana naye tangu ujana, akauliza, "Na kaburi je?"

"Kaburi nalo ni shimo."

"Mkeo yuko chini ya mkongo, Mahamudu. Wewe tukuweke wapi, tukutundike tawini?"

Watu wakaangua kicheko. Marehemu alingoja wanyamaze. "Nje ya kivuli, kama mtu mwingine," alisema. Sheria ikapita.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa Dar es Salaam, akarudishwa nyumbani Oktoba 2024 baada ya madaktari kusema hawana la kuongeza. Mwanawe Mustapha alikwenda kwa Mzee Kheri, na serikali ya kijiji ikakubali kumruhusu azikwe alikotaka, yeye peke yake, kwa heshima ya kazi yake. Alipoletewa habari hiyo alijiinua kitandani.

"Huseni mmemuuliza?" akasema.

Hawakuwa wamemuuliza.

"Basi nje," akasema, akageukia ukutani.

Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025. Wachimba kaburi walingoja saa sita mchana ndipo wakapima. Mkongo umestawi, na kivuli chake kimekwenda mbali kuliko alivyokadiria yeye mwenyewe. Kaburi limeangukia ng'ambo ya njia, mahali ambapo la Bi Rukaiya halionekani. Huseni alikuwa miongoni mwa waliochimba.

Ameacha watoto watatu, Mustapha, Nasra na Zainab, wajukuu watano, na dada yake, Bi Sijaona.

Mwenyezi Mungu amsamehe na ampumzishe kwa amani. Na umbali huu tunaomwachia leo, Yeye ndiye auondoe.