Uso wa Apolinaria, Gauni la Nassibu

Benchi letu liko mtaa wa Ng'ambo, mkabala na kibaraza cha Nassibu fundi cherehani, na mtu anayetaka habari za Tabora hana haja ya kununua gazeti, anunue kahawa. Muuzaji ni Twalibu, tunayemwita Redio kwa sababu huanza kusema alfajiri na hakuna anayejua pa kumzimia. Kushoto kwake hukaa Silasi wa karakana ya reli, jina lake la benchi Injini, maana akishaondoka na hoja hana breki. Mimi hukaa katikati na sina jina, kwa kuwa mgawa majina ni mimi. Asubuhi moja, miaka ile ambayo Mwingereza alikuwa bado anatupangia hata saa ya kumaliza ngoma, tulikuwa na mgeni. Alikuwa Dionis, mpiga picha wa gazeti moja la Dar es Salaam, kashuka kwenye treni na kamera yake ndani ya sanduku la mbao.

Gazeti lake lina ukurasa wa mitindo ya kina mama. Kila Dionis alipokuja Tabora, Nassibu alishona gauni, na aliyelivaa mbele ya kamera alikuwa Maua, mtoto wa dada yake, anayemsaidia kushona pindo na vifungo. Maua ana kipaji ambacho sijui nikielezeje. Akisimama, nguo nayo inasimama. Akigeuka kidogo, unaona mshono ulikoanzia na unakoishia. Kina mama wa vijijini walikuwa wakija na lori kuagiza nguo walizoziona gazetini. Jina la Maua, lakini, halikuwahi kuandikwa. Chini ya picha waliandika tu kwamba huo ni mtindo mpya, na mimi jambo hilo lilikuwa likinikera kuliko yeye, au ndivyo nilivyodhani.

Halafu mhariri akapata wazo. Alisema wasomaji wanataka kuwaona watu wanaowajua, kwa hiyo toleo lililopita gauni la Nassibu alivishwa Apolinaria, mwimbaji wa dansi, ambaye santuri zake zinapigwa kuanzia Kigoma mpaka Dodoma. Gazeti likagombaniwa. Twalibu alinunua lake akabandika picha ukutani juu ya jiko la kahawa. Ila kwa Nassibu hakuja mtu hata mmoja kuagiza gauni lile, na vitambaa alivyovinunua kwa ajili yake vilikuwa bado vimelala kabatini.

Sasa Dionis alikuwa amekuja kupiga picha nyingine, treni ya kurudi ni jioni, na hajaamua amvishe nani. Apolinaria alikuwa mjini, tayari kuitwa. Maua alikuwa pale pale kibarazani na sindano yake, anasikia kila neno. Gauni jipya lilikuwa limetundikwa nyuma yake, na pindo lake alilishona yeye mwenyewe.

— Hapa hakuna la kujadili, alisema Silasi. Apolinaria. Yule hata akivaa gunia la karanga watu watamtazama.

— Watatazama gunia au watamtazama Apolinaria? nikauliza.

— Wewe ukishakunywa kikombe cha pili unaanza maneno.

Dionis alisema mhariri wake ana furaha sana, tatizo lake ni moja tu. Wenye maduka wanaotangaza vitambaa gazetini wameanza kulalamika kwamba vitambaa havitoki. Alituuliza sisi wenyeji tunaonaje, na kumwuliza mtu wa benchi letu anaonaje ni kumwaga mafuta ya taa jikoni.

Silasi alisema sababu ni wivu. Mwanamke hawezi kuagiza gauni la Apolinaria kwa sababu mumewe atamlinganisha. Kwa hiyo inatakiwa mtu maarufu ambaye hakuna mwanamke wa kumwonea wivu, na mtu huyo ni Modest, golikipa wa timu ya reli.

— Modest avae gauni? Twalibu aliuliza.

— Alishike tu. Adake gauni kama anavyodaka mpira.

Twalibu alisema mpira ni wa msimu, wakati wa masika hakuna anayemkumbuka golikipa. Yeye alimtaka Mahona, mcheza nyoka, ambaye akiingia mjini na ngoma yake hata kina mama walio jikoni huacha ugali ukaungua. Gauni avae mtu yeyote, sura isiwe na maana, mradi Mahona asimame pembeni na chatu awe ndio mkanda kiunoni mwa huyo mvaaji. Silasi akaona jambo hilo ni zuri ila ni dogo. Akasema gauni litundikwe mbele ya injini ya treni ya Mwanza, dereva apige honi, Apolinaria aimbe juu ya paa, Modest na Mahona wakae mabehewani wakipunga mikono. Kilichonitia hasira ni kwamba Dionis alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayepima kama jambo hilo linawezekana.

— Na Maua? nikamwuliza.

— Maua ni mzuri, akasema. Lakini hakuna anayemjua.

Alisema neno hilo bila ubaya, na ndiyo maana liliuma. Nilitazama kibarazani nikaona mkono wa Maua umesimama. Nassibu alikuwa akikanyaga cherehani yake bila kitambaa ndani. Masikini, alimpenda mpwa wake lakini alilihofu gazeti.

Ndipo akafika mama mmoja na kikapu, vumbi la lori la Sikonge limemjaa mpaka kwenye kilemba. Silasi akamwamkia kwa lugha ya kwao.

— Mwangaluka, mayu.

— Mwangaluka, baba. Kwa fundi Nassibu ni hapa?

Alikuwa anaitwa Minza. Binti yake anafunga ndoa kanisani baada ya mavuno, na yeye alitaka gauni aliloliona gazetini zamani kidogo. Hakuwa na picha. Alilieleza kwa mikono: kola pana imelala hivi, mabega yamejaa kidogo hapa, kiuno kimeshikwa na mkanda wa kitambaa kile kile, na chini linafunguka lakini halipepei. Nassibu aliacha kukanyaga. Kila alichosema mama yule kilikuwa sawasawa.

— Na aliyelivaa unamkumbuka? Dionis akauliza.

— Msichana fulani. Sikumtazama sana, baba. Nilikuwa natazama gauni.

Maua alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, na Minza hakumtambua. Niliogopa kwamba mtoto wa watu atalia. Aliinua uso, na nikaona anacheka kimya kimya, cheko la mtu aliyesikia kazi yake ikisifiwa na mtu asiyejua anamsifia nani.

Silasi, kwa kuwa hana breki, akamwambia mama yule kwamba gauni hilo limepitwa na wakati. Siku hizi wanaojua wanavaa lile la Apolinaria.

— Sawa, akasema Minza. Likoje?

Silasi akafungua mdomo. Alianza na meno ya Apolinaria, akaja kwenye nywele, akashuka mpaka shingoni, akakwama hapo. Twalibu alisema ana uhakika lilikuwa na mikono, kisha akasema hana uhakika sana. Nassibu alitaka kusaidia, Minza akamzuia kwa adabu.

— Wewe ulilishona, fundi. Nawauliza waliolitazama.

Mimi nilijaribu pia. Niliitazama picha ile karibu kila siku, na kilichonijia kichwani ni wimbo. Sote tukageukia ukuta wa Twalibu. Apolinaria alikuwa pale akitabasamu, mzuri kweli kweli, amekatwa na mkasi chini ya kidevu.

— Sehemu nyingine iko wapi? Minza akauliza.

— Nilifungia kashata, alisema Twalibu.

Akabaki Dionis, aliyesimama mbele ya gauni lile akalipiga picha kwa mkono wake. Tulimsubiri. Alifumba macho, akayafumbua, akaweka kikombe chini.

— Sijui, mama, akasema. Wallahi sijui.

Nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa mtu mzima kufurahi namna ile. Nassibu alisimama bila kuambiwa, akalitungua gauni jipya, akampa Maua mikononi mbele ya gazeti zima la Dar es Salaam. Maua akaingia ndani. Alipotoka, Minza alitua kikapu chake chini.

Maua akaanza kuvuka barabara kuelekea kwenye mwanga, polepole, na wanawake wa Ng'ambo wakatoka milangoni mmoja mmoja. Walikuwa wanaulizana kitambaa gani, kimenunuliwa duka gani, ule mkunjo wa ubavuni umeshikwa na nini. Minza aliinama akalishika pindo, akaligeuza kuona upande wa ndani, na Maua akasimama wima amngoje amalize. Hakuna aliyetaja uso wake, na sijapata kuuona ukiwa umejaa furaha kama siku ile.

Dionis alipiga picha. Kisha, mwenyewe bila kukumbushwa, akatoa kalamu akamwuliza chini ya picha aandike nini.

— Andika gauni kashona Nassibu, fundi wa Ng'ambo, alisema Maua. Halafu andika kavaa Maua binti Salumu. Hiyo ni kazi, nayo ina mwenyewe.

Dionis akaandika yote mawili, akamsomea ili ahakikishe. Silasi aliondoa kofia yake ya reli. Twalibu aliacha kahawa ikafurika jikoni na hakusema neno, jambo ambalo Tabora haijawahi kulishuhudia. Na sisi wa benchi, ambao hata akipita Bwana Shauri, yule Mwingereza wa wilaya, hatuinuki, tulijikuta tumesimama.